Thames: tumelipia kwenda Greenwich, tumegeuzwa Tower Bridge, kisingizio eti "maji yamekupwa"

Wakuu, nimechefukwa, mtanisamehe nikikosea herufi.

Mama yangu yuko London tangu mwanzo wa Desemba. Kazaliwa Pangani, baba yake alikuwa mvuvi wa ngalawa, na tangu ashuke kwenye ndege ananiuliza jambo moja tu: lini tutapanda chombo. Nikakata tiketi mtandaoni, pauni 34 kila mmoja, mimi, yeye na binti yangu wa miaka tisa. Tangazo lilisema Westminster mpaka Greenwich na kurudi, boti ndogo ya kifamilia, imefunikwa, ina hita, maelezo njia nzima, kuondoka saa nane mchana. Mama alikuwa na hamu ya Cutty Sark, ile meli ya matanga ya 1869 iliyokuwa ikileta chai kutoka China.

Saa nane tuko gatini. Gati za Thames zinaelea, maji yakipwa zinashuka nayo, na kile kidaraja cha kushukia kinageuka mteremko. Siku hiyo kilikuwa mteremko hasa. Mama kashuka hatua kwa hatua, kashika chuma kwa mikono miwili. Saa nane na nusu, kimya. Saa tisa, kijana wa tiketi anasema "dakika tano". Tumeng'oa nanga saa tisa na nusu! Desemba hapa jua linazama kabla ya saa kumi, pigeni hesabu wenyewe.

Sasa hiyo "imefunikwa". Ni turubai la plastiki, ubavu mmoja limechanika na kuzibwa kwa selotepu, upepo ukija linatuchapa makofi mgongoni. Hita ipo, sikatai. Waya wake umekunjwa vizuri ukafungwa kwa mpira, na hakuna pa kuuchomeka. Mama alivaa makoti mawili, khanga juu ya kofia ya sufu, na bado meno yanagongana. Maelezo yenyewe ni spika kukoroma na mzaha mmoja kuhusu Bunge, basi. Kwamba HMS Belfast ilikuwa meli ya kivita na sasa ni makumbusho, kwamba Tower Bridge ilifunguliwa 1894, hayo binti yangu kayapata kwangu, bure.

Tulipovuka tu Tower Bridge boti ikapunguza mwendo, ikageuza. Nahodha akaja kwenye spika: samahani sana, maji yamekupwa kupita kiasi, Greenwich leo hapafungiki boti.

Mama Kiingereza hakimpandi, akaniuliza anasemaje. Nikamwambia. Akachungulia kwenye ule mpasuko wa turubai, akakaa kimya kidogo.

"Mwanangu, mbona maji yanajaa? Tazama ile chupa inakokwenda."

Chupa ya plastiki ilikuwa inapanda mto, taratibu, kuelekea Westminster tulikotoka. Mtu aliyekulia Pangani, akivuka kivuko cha Bweni tangu utotoni, akiona bahari inavyousukuma mto urudi juu, huyo huwezi kumfundisha kupwa na kujaa. Kisha akanionyesha mwezi juu ya majengo, nusu. "Na haya ni maji mafu. Yamekupwaje kupita kiasi?"

Watu wa pwani mshaelewa. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ndiyo bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana, na bamvua la Thames ni kubwa kuliko letu, hufika karibu mita 7. Mwezi nusu hakuna kitu kama hicho. Na wakati tunageuza, boti kubwa za abiria zilikuwa zinatupita kwenda huko huko Greenwich, taa zinawaka, watu wamekaa ndani bila makoti.

Hata tuseme nahodha kasema kweli. Mamlaka ya Bandari ya London inatoa jedwali la maji la mwaka mzima. Aliyeniuzia tiketi alijua maji yatakuwaje siku hiyo kabla sijalipa. Mimi naamini walichelewa, wakaikata safari yetu wawahi nyingine, kwa sababu tuliporudi Westminster nilikuta kundi la sherehe ya ofisi limejipanga gatini na kofia za Krismasi. Hatujashuka sote, wao wanaanza kupanda.

Nimewaandikia mara mbili. Jibu: "hali ya mto" imo kwenye masharti, pesa hairudi, ila wananipa punguzo la asilimia 20 safari ijayo. Safari ijayo ipi, Mama anaondoka Ijumaa! Nikawatajia sheria ya haki za mlaji ya 2015, kwamba walichokuahidi kabla hujalipa kinawabana na huduma mbovu unaweza kudai upunguziwe bei. Tangu hapo kimya.

Nililipa kwa kadi ya debiti, na benki wanasema wanaweza kujaribu kuirudisha pesa nikileta ushahidi. Nina picha ya hita na waya wake, nina tiketi yenye saa nane. Aliyewahi kudai kwa safari iliyokatwa njiani, walikutaka nini zaidi? Na jedwali la maji watalikubali? La siku ile nimeshalipakua. Maji yalianza kujaa kabla hata hatujaondoka gatini.