Eksirei inasema mfupa wa mzee umekuwa mzito, mbona maumivu yanazidi?

Kitinda: Wakubwa shikamooni. Mzee ana miaka 71, saratani ya tezi dume, kipimo chake cha damu (PSA) ni 140. Ripoti ya eksirei inasema pingili mbili za kiuno ni nyeupe, mfupa mzito kuliko kawaida. Si ndio imara? Mbona usiku halali? Madaktari wanataka kumwanzishia dripu ya zoledroniki, dawa ya mifupa.

Pingili: Pole sana mkuu. Weupe ule usikudanganye. Mfupa wenye afya hujirudishia kwa zamu: seli moja hula uliochakaa, nyingine inajaza pengo. Saratani hii ikifika pale hutoa kemikali, mojawapo endothelini-1, zinazozichochea seli za kujenga kupita kiasi. Mfupa wa kawaida nyuzi zake zimepangwa tabaka kwa tabaka, kama mkeka uliosukwa vizuri. Huu mpya nyuzi zimetupwa ovyo. Chokaa imejaa, ndiyo maana picha inang'aa, lakini ukibebeshwa uzito unabonyea. Na seli za kula nazo zimeamshwa. Kila mfupa unaoliwa humwaga vichochezi vinavyoulisha uvimbe. Pimeni na wingi wa damu, maana uboho unaotengeneza damu ndani ya mfupa husongwa.

Mama Dozi: Zoledroniki inazizuia hizo seli za kula. Ni mg 4, iingie kwa dakika zisizopungua 15. Ikikimbizwa, figo zinaumia. Kwanza apimwe kreatinini (kipimo cha figo), kalsiamu, vitamini D, kisha daktari wa meno. Jino bovu ling'olewe na kidonda kifunge kabla ya dripu, la sivyo mfupa wa taya unaweza kubaki wazi bila kupona. Diklofenaki za dukani, zile za maumivu, aache, zinaonea figo zilezile. Kwa hayo maumivu ulizieni mionzi: mara nyingi dozi moja ya grei 8 (grei ni kipimo cha mionzi) inatosha, ingawa siku za mwanzo yanaweza kupanda.

Kitinda: Asanteni. Tangu jana anasema miguu mizito, tukajua uzee.

Pingili: Hapana mkuu, mpelekeni hospitali kubwa sasa hivi, msingoje kliniki. Huenda mshipa mkuu wa fahamu unabanwa ndani ya uti wa mgongo. Muulizeni kama mkojo unagoma au makalio yana ganzi. Alale chali, abebwe, asitembezwe. Mapokezi semeni: "Ana saratani ya tezi dume kwenye pingili, miguu inaisha nguvu." Anahitaji deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, na picha ya MRI ya mgongo mzima ndani ya saa 24. Akitibiwa angali anatembea, ana nafasi kubwa ya kuendelea kutembea; akishapooza, mara nyingi nguvu hairudi.

Mama Dozi: Na kama hajaanza tiba ya homoni, waambieni kabla hajachomwa goserelini, sindano ya tiba hiyo. Sindano hiyo hupandisha testosteroni, homoni inayoilisha saratani hii, siku za mwanzo, uvimbe ukavimba zaidi palepale. Hutanguliziwa vidonge vya bikalutamidi vinavyoizuia homoni hiyo.

Kitinda: Gari limefika, tunatoka.