Kubana vidole ili kuondoa kitete: kwangu mbinu imegeuka, nimekosea wapi?

Mhasibu wa Ushirika

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Mimi ni mhasibu wa chama cha akiba na mikopo, na kila mwaka hulazimika kusoma taarifa ya mapato na matumizi mbele ya mkutano mkuu. Miaka miwili iliyopita karatasi zangu zilichanganyika, nikasoma jumla ya ukurasa usiohusika, na mwanachama mmoja akasema kwa sauti kwamba huenda mhasibu wetu naye anahitaji mhasibu. Ukumbi mzima uliangua kicheko. Tangu siku hiyo, kipaza sauti kikianza tu kupiga mluzi kabla sijatamka neno, koo hunikauka na karatasi hutetemeka mkononi hadi walioketi mbele huisikia.

Katika semina moja nilifundishwa nifumbe macho, nikumbuke siku niliyojiamini kuliko zote, na hisia hiyo ikipanda kabisa nibane kidole gumba na cha kati, ili baadaye kule kubana tu kuniletee ujasiri ule ule. Nilichagua siku nilipofaulu mtihani wa uhasibu na baba akanitambulisha kwa wageni kwa jina la kazi. Nyumbani mambo yalikwenda vizuri. Mkutanoni nilibana vidole mpaka vikafa ganzi, nisipate nafuu yoyote. Na kibaya zaidi, sasa hata nikivibana nikiwa sebuleni kwangu moyo huenda mbio. Je, mbinu yenyewe ni ya uongo, au mimi ndiye niliyeikosea? Zimebaki wiki saba kabla ya mkutano ujao.

Mnasihi Mstaafu

Pole sana, Mhasibu. Kwa maoni yangu ulipewa nusu ya mbinu, na nusu iliyoachwa ndiyo ngumu.

Zoezi la vidole lilienezwa na Richard Bandler na John Grinder huko Marekani katika miaka ya 1970, na kwa namna lilivyouzwa semina baada ya semina, ushahidi wa kisayansi unaoliunga mkono ni hafifu. Hata hivyo, wazo lililo chini yake ni la zamani zaidi na lina mizizi imara. Ivan Pavlov, mwanafiziolojia wa Urusi, alionyesha kwamba mbwa aliyezoea kusikia sauti fulani kabla ya chakula hufikia hatua ya kudondokwa na mate kwa sauti peke yake. Mluzi wa kipaza sauti umekufanyia jambo hilo hilo: ulikutana na aibu mara moja tu, na mwili haukuhitaji somo la pili.

Kinachokuhusu zaidi ni kazi ya mwanasaikolojia Mary Cover Jones, iliyochapishwa mwaka 1924. Alimshughulikia mtoto mdogo, anayejulikana katika vitabu kwa jina la Peter, aliyemwogopa sungura. Mtoto aliketishwa akipewa chakula alichokipenda, sungura akiwa ndani ya tundu mbali naye, kisha siku baada ya siku tundu likasogezwa karibu kidogo kwa kadiri alivyovumilia, hadi akaweza kumshika mnyama yule kwa mkono. Jones alitahadharisha kwamba kazi hiyo ni nyeti, kwa sababu ukimleta sungura kwa pupa, mtoto hataacha kumwogopa sungura. Ataanza kukiogopa chakula. Vidole vyako ndicho kile chakula. Ulivipeleka siku ya kwanza kwenye hofu kubwa kuliko zote, na yenye nguvu ikamshinda mwenzake.

Joseph Wolpe, daktari mzaliwa wa Afrika Kusini, aliipanga kazi hii kama ngazi katika kitabu chake cha mwaka 1958: mtu hujifunza kwanza kulegeza misuli, kisha hukabili hofu yake kuanzia iliyo ndogo kabisa, asipande daraja la pili kabla la kwanza halijapoa. Kwa hiyo viache vidole vipumzike, uchague ishara mpya, na uanze kusoma taarifa kwa mtu mmoja unayemwamini. Mazoezi ya mwisho yafanyie katika ukumbi ule ule, kwa kuwa hofu iliyozimwa mahali pamoja huweza kuamka mahali pengine. Pavlov mwenyewe aliona kwamba mwitiko uliokwisha kuzimika hurudi baada ya mapumziko.

Mwalimu wa Tanga

Ninaunga mkono suala la ngazi, kwa kuwa nililifanya bila kujua jina lake. Nilikuwa nikiwaogopa wakaguzi wa shule kiasi cha kusahau majina ya wanafunzi wangu mwenyewe. Kwanza nilijaribu kutafuna karafuu kabla ya kipindi, ulimi ukafa ganzi na nikafundisha herufi "r" kama mlevi. Baadaye nikachagua asumini. Nilifunga maua machache kwenye leso, nikawa ninaibeba leso hiyo katika kipindi cha Darasa la Tatu pekee, darasa ambalo huingia kama nyumbani kwangu. Baada ya majuma kadhaa niliibeba siku mwalimu mwenzangu alipoketi nyuma ya darasa, kisha siku alipoketi mwalimu mkuu. Wakaguzi walipofika, harufu ile ilikuwa imeshazoea kuwa na watu nyuma ya darasa, na mimi pia. Jasho lilinitoka, sikatai, lakini majina yote niliyakumbuka.

Mkaguzi wa Mahesabu

Kwa heshima zote kwa walionitangulia, hofu ya ndugu yetu ina sababu: karatasi zilichanganyika kweli. Zipewe namba na zibanwe pembeni, la sivyo asumini itanukia juu ya kosa lile lile. Jambo la pili ni kwamba kujiambia "tulia" wakati moyo unadunda ni kupigana na mwili. Katika majaribio ya mtafiti Alison Wood Brooks yaliyochapishwa mwaka 2014, watu waliojiambia kwamba wana hamu na msisimko kabla ya kuimba au kuhutubia walifanya vizuri kuliko wale waliojitahidi kutulia. Moyo unaodunda una maelezo zaidi ya moja.

Mhasibu wa Ushirika

Nawashukuru wote. Vidole nimeviacha. Nimechagua kalamu ya wino ambayo huitumia ninapofunga hesabu za mwezi, kazi ambayo sijawahi kuitilia shaka, na jana nilimsomea mke wangu kurasa mbili nikiwa nimeishika. Alisinzia katika ukurasa wa pili. Jumamosi mlinzi ataniwashia kipaza sauti ukumbini, viti vikiwa vitupu.

Mnasihi Mstaafu

Vizuri. Mwombe akiache kipige mluzi kwanza, nawe usubiri hadi moyo utulie ndipo uanze kusoma.