Bayleaf, Kent: moshi ulitokea wapi?

Swali: Wakuu, nyumba ya shamba ya Bayleaf, iliyotolewa Chiddingstone, Kent, Uingereza, na sasa iko makumbusho ya Singleton, Sussex, ukumbi wake uko wazi hadi paani. Dohani hakuna. Moshi je? Na ilijengwa kwa mkupuo mmoja?

Pete za Mti: Hapana. Ukumbi na upande wa stoo ni wa 1405–1430. Upande wa chumba cha juu cha wenye nyumba ni wa 1505–1510. Moto uliwashwa sakafuni katikati ya ukumbi, moshi ukapanda na kupenya paani na madirishani. Madirisha hayakuwa na vioo, ni nondo za mbao na vibao vya kufunga. Kwenye nyumba za aina hii chungulia makombamoyo: masizi meusi ndiyo ushahidi.

Fundi Mwaloni: Naongeza kuta. Mwaloni, mti wa mbao ngumu, ulichongwa ukiwa mbichi. Tundu la kigingi kwenye ulimi, ile ncha ya mbao inayochomekwa ndani ya nguzo, hutobolewa likipishana kidogo na la nguzo, ili kigingi kivute kiungo kibane. Likipishana mno, kigingi hukatika. Fito za ukuta, kati ya nguzo, hukandikwa pande zote kwa udongo, samadi na nyasi kavu. Udongo ukiwa majimaji, hupasuka. Mbao zikisinyaa, nyufa hubaki pembeni: ziba kwa udongo au chokaa. Saruji usiguse kabisa, hufungia unyevu na mwaloni huoza.