Soko la New York limebadilisha saa au ni simu yangu? Naomba ushauri

Mkaa_Umoja
Wakubwa, habari za jioni. Usingizi umenitoroka. Tangu nianze kununua hisa za Marekani najua soko linafunguliwa saa kumi na nusu jioni na kufungwa saa tano usiku. Jana Jumatatu nikaomba ruhusa kwa bosi, nikatoka mbio, saa kumi na nusu kamili niko stejini nibonyeze kuuza. Limefungwa! Likafunguka saa kumi na moja na nusu, tayari nimebanwa ndani ya matatu na mtandao hakuna. Na pale stejini nilikuwa nikitazama bei ikishuka asilimia nne hivi hivi. Saa mpya ni zipi? Na je, niache kazi ya duka la spea nifuatilie soko vizuri?

FundiSaa
Simu yako ni nzima. Wamarekani hurudisha saa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba. New York bado wanafungua saa tatu na nusu asubuhi yao, lakini sisi tulio karibu na ikweta hatugeuzi kitu. Kwa hiyo hadi Jumapili ya pili ya Machi, kwetu ni saa kumi na moja na nusu jioni hadi saa sita usiku.

Mama_Gawio
Kijana, soko liko hapa nyumbani! NSE, soko la hisa la Nairobi, wanaanza kuuziana saa tatu na nusu asubuhi, saa tisa alasiri wamemaliza, unaenda kulala kama watu. Mwaka 2008 tulipanga foleni ya hisa za Safaricom, shilingi 5 kila moja. Zikashuka, mzee wangu akanicheka hadi Krismasi. Sikuuza. Gawio limeninunulia tangi la maji na bado linakuja. Mzee siku hizi hacheki.

Owl_wa_Kasarani
Mimi huwaandikia Wamarekani usiku, hii Novemba naijua. Mteja akisema saa kumi na moja jioni, mimi nahesabu vidole kwanza. Mke wangu aliwahi kudhani nina mwanamke mwingine kwa sababu nilianza kulala saa moja mbele bila sababu. Nikamwonyesha kalenda ya Marekani. Hakuamini kalenda.

Mkaa_Umoja
Asanteni. Lakini suala la kazi hamjajibu. Barua ya kuacha kazi nimeshaiandika, bado tu kuikabidhi.

Njoroge_Hapana
Soko linafunguliwa saa kumi na moja na nusu na wewe unatoka kazini jioni hiyo hiyo. Sasa kazi imekukosea nini? Ukitaka kuteseka vizuri jaribu Tokyo: wanafungua saa tisa usiku wetu, na wanaenda chakula cha mchana makanga wa Umoja akianza kuita abiria.

FundiSaa
Mkaa, kwa nini una haraka ya kuuza? Mtu mwenye pesa yake ya akiba hakimbizani na matatu.

Mkaa_Umoja
Ni haraka ya kawaida tu.

FundiSaa
Ya kawaida ipi?

Mkaa_Umoja
Sawa. Pesa si yangu yote. Mimi ni mweka hazina wa chama chetu cha akiba. Mkutano ni Jumapili hii na tunagawana. Kabla mnirukie: pesa ilikuwa imelala tu benki, na mwezi wa nane nilikuwa juu. Ningewagawia na faida juu yake. Hilo ni kosa?

Mama_Gawio
Yesu wangu.

Dada_Pipeline
Wenzako wanauza mandazi kuleta mchango wa kila wiki, wewe unawapeleka New York bila pasipoti. Ndiyo, ni kosa.

Njoroge_Hapana
Jameni, mimi nanusa hadithi ya kutunga. Soko limefungwa, halafu bei inashuka asilimia nne akitazama? Soko lililofungwa linashukaje? Na mweka hazina gani anakuja kujianika hapa? Huyu anatafuta wachangiaji tu. Admini, funga uzi.

FundiSaa
Hapo kwenye bei anaweza kuwa anasema kweli. Kuna biashara ya kabla ya kengele ya kufungua soko, huanza saa kumi alfajiri ya New York, sasa hivi kwetu ni saa sita mchana. Bei inasonga, ila programu nyingi za simu zinashikilia oda yako hadi kengele ilie. Kuhusu chama, sina la kusema.

Njoroge_Hapana
Haya, chama kipo? Mwenyekiti ni nani?

Mkaa_Umoja
Mama mkwe wangu.

Njoroge_Hapana
Naomba radhi. Hakuna binadamu anayejitungia hilo. Uzi uendelee.

Owl_wa_Kasarani
😂😂 Kaka, acha barua ya kazi. Andika barua ya kwaheri kwa ndoa.

FundiSaa
Sikiliza basi. Tatizo lako si saa, ni siku. Tangu Mei 2024 hisa za Marekani zikiuzwa, malipo hukamilika siku moja ya kazi baadaye. Leo Jumanne soko bado liko wazi. Ukiuza leo, pesa iko huru kesho, ndipo uombe kuitoa, nayo benki zina mwendo wake. Ukingoja Ijumaa, malipo ni Jumatatu. Mkutano utakuwa umeisha.

Dada_Pipeline
Na umwambie mama mkwe leo, kabla hajasikia kwa mtu mwingine.

Mkaa_Umoja
Nimeuza nusu sasa hivi. Hiyo nyingine nimeiacha, naona ikifika Alhamisi itarudi juu, hata bosi wangu anasema hivyo.

Mama_Gawio
Bosi wa duka la spea?

Mkaa_Umoja
Ana uzoefu wa biashara.

FundiSaa
Nusu gani tena, ndugu yangu? Alhamisi ukiuza, malipo yanakamilika Ijumaa jioni. Unaomba kutoa pesa saa ngapi, na benki ipi itakufungulia Jumapili?

Kijana_Mpya254
Samahani kuingilia. Na London wanafungua saa ngapi kwetu?

FundiSaa
Wao waligeuza saa Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Saa tano asubuhi hadi saa moja na nusu jioni. Mkaa, bado uko?