Tupeane uzoefu: mliosoma advansi shule za vichwa (zile za waliofaulu sana) pale Tanga, mliingia wangapi mkamaliza wangapi?

Abiria wa Kange:
Wakubwa shikamooni, wadogo mambo. Juzi nimeshuka stendi ya Kange na begi langu, bodaboda akanikimbilia: "Bosi, Chumbageni buku mbili." Kuvua kofia ngumu, namtazama, ananitazama. Tulikaa dawati moja fomu faivu, PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati). Huyu jamaa ndiye aliyenielewesha mekanika kwa kurusha machungwa ya Muheza bwenini, lile chungwa likipinda hewani anakwambia "sasa hapo juu kasi ya wima imekuwa ngapi?" Mwalimu alikuwa ameshindwa kwa wiki mbili.

Njia nzima hakuna aliyetaja shule. Tukaongelea mvua. Hela yangu akaikataa.

Sisi tuliingia 58. Siku ya pepa ya kwanza ya NECTA, Baraza la Mitihani, mwezi wa tano fomu siksi, tulikaa 39. Hao 19 hakuna mahafali, hakuna kuagana. Unaamka alfajiri, kitanda cha juu yako godoro limekunjwa na kufungwa kamba ya katani, tranka halipo. Darasani mwalimu anavuta mstari wa peni nyekundu kwenye rejista, anaita jina linalofuata. Shule siitaji, waliopita watajijua. Kwenu ilikuwaje?

Barabara ya Tisa:
Peni nyekundu! Umenirudisha mbali, mkuu.

Bi Kachori:
Mimi nilikuwa PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia), shule nyingine lakini dada yake hiyo hiyo. Nimetokea shule ya kata, Division One ya pointi 14, kijijini wakanipokea na ngoma kama bibi harusi. Picha yangu ilibandikwa ofisini kwa mkuu wa shule. Nikaja Tanga nikajua mimi ndiye mimi.

Jaribio la kwanza la Fizikia nikapata 11. Si kumi na moja juu ya ishirini, ni juu ya mia. Na pale matokeo yalisomwa paredi kuanzia wa mwisho. Umesimama juani, sketi imekubana, unaomba majina ya watu wengine yatangulie. Lilianza langu. Wasichana 60 wakageuka kwa pamoja. Mpaka leo nikisikia mtu anagonga kipaza sauti kwa kidole, tumbo linakatika.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba baadhi ya majibu nilikuwa nayajua. Nayajua kwa Kiswahili. Sentensi ya Kiingereza ikifika ulimini inageuka kokoto. Shule ya kata tulifundishwa kwa kuchanganya, mwalimu anasoma Kiingereza halafu anasema "yaani hapa anamaanisha hivi". Huku "yaani" hakuna. Nikawa nakesha na tochi ndani ya shuka, miguu kwenye beseni la maji nisisinzie. Nikatoka damu puani mara tatu muhula mmoja. Matroni akasema ni joto la Tanga.

Sikuacha. Nilimaliza na Division Three. Ila rafiki yangu wa kitanda cha chini aliondoka Oktoba, na nilifurahi. Andikeni mnavyotaka. Nilifurahi kwa sababu sasa kuna mtu mmoja pungufu wa kunishinda. Hilo ndilo sijalisamehe.

Mkwakwani:
Bi Kachori, pole dada. Hapo mwisho nimeweka simu chini kwanza.

Mzee wa Prepu:
Mnadekezwa. Sisi miaka ya tisini tulikula makande yenye wadudu, tulilala saa saba, tuliamka saa kumi, tukafaulu. Shule ya vichwa si kituo cha kulea watoto. Asiyeweza ampishe anayeweza.

Barabara ya Tisa:
Shikamoo mzee. Nyie mliingia wangapi mkamaliza wangapi?

Mzee wa Prepu:
Sikumbuki.

Barabara ya Tisa:
Haya.

Mwalimu Mstaafu wa Pangani:
Niseme kidogo kwa upande wetu. Nyie mliona kiboko na peni nyekundu, hamkuona kikao cha walimu. NECTA wakitoa matokeo, mkuu wa shule anaitwa: mwaka jana mlikuwa wa ngapi, mwaka huu mbona mmeshuka? Basi mtoto dhaifu akawa mzigo kwenye wastani. Anaambiwa "mlete mzazi tushauriane uhamisho". Kweli ushauri ule haukuwa ushauri. Tangu 2023 Baraza limeacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora, na mimi nilishukuru.

Tahasusi:
Mwalimu, wameacha kutangaza lakini shule zinajipanga zenyewe kwa kalkuleta. Tuache utani.

Ushauri kwa wanaoripoti mwaka huu: ukiona PCM inakukataa, badili tahasusi (mchepuo wa masomo) wiki za mwanzo kabla hujapitwa. Usione haya kwenda HKL (Historia, Kiswahili, Kiingereza).

Chuda Boy:
HKL ndiyo ukauze vocha?

Wakili Asiye na Suti:
Nimesoma HKL, Chuda Boy. Siku ukikamatwa na bodaboda lisilo na leseni nitafute, kwa mteja mwenye dharau bei inapanda.

Dagaa Mchele:
Mkishamaliza kugombana niwape yangu.

Nilikuwa mmoja wa waliovutiwa mstari. Mtihani wa kufunga mwaka nikapata F mbili na S. Nikaambiwa nimlete mzee. Mzee wangu yuko Handeni, aliuza ndama kwa ajili ya tranka, godoro na ada. Wakati ule ada ya bweni 70,000 bado ililipwa, haijafutwa kwa fomu faivu na siksi. Ningemleta nimwambie nini?

Nikaondoka usiku, nikashuka Deep Sea, kule kwenye soko la samaki. Kazi yangu kubeba ndoo za dagaa kutoka botini hadi kwenye masufuria ya kuchemshia. Nalala juu ya nyavu. Kila Jumapili naazima simu ya mtu, nampigia mzee: "Baba nipo, tunajiandaa na moku, mtihani wa majaribio." Ananitumia 15,000. Sikuila hata shilingi. Naitoa, naikunja, naiweka ndani ya soksi ya shule.

Miezi minne. Siku ya wazazi mzee akatokea na kuku wa kuchoma kwenye kapu. Getini akaambiwa mwanao hayupo siku nyingi. Sijui nani alimwelekeza. Nimegeuka na ndoo kichwani, maji ya dagaa yananichuruzika shingoni, namwona amesimama kwenye mchanga na viatu vyake vya msikitini.

Hakunipiga. Akasema: "Umekula?" Tukakaa kwenye kingo ya boti tukala yule kuku. Nikampa soksi. Akazihesabu noti mara mbili, akaniuliza: "Ya mwezi wa pili mbona pungufu?"

Bi Kachori:
Jamani. Jamani.

Chuda Boy:
Chai hii. Dagaa wanashushwa alfajiri. Mzee wa siku ya wazazi anafika mchana. Ulikuwa umebeba nini?

Dagaa Mchele:
Dagaa wa kuanika mdogo wangu, wakishachemshwa wanapelekwa kichanjani na ndoo ile ile. Nani kakwambia kazi inaisha alfajiri? Wewe umezoea kuwaona sahanini.

Tahasusi:
Na sasa uko wapi, mkuu?

Dagaa Mchele:
Nilirudi na cheti changu cha fomu foo, ufaulu wa sayansi ulikuwemo, nikaingia chuo cha afya. Nachoma watu sindano. Ila msikariri. Wengine wamebaki kwenye nyavu na wana nyumba kunizidi.

Mzee wa Prepu:
Lala saa nne, amka saa tisa. Hiyo ndiyo dawa.

Mkwakwani:
Mzee, ulisema saa saba na saa kumi.

Abiria wa Kange:
Dagaa Mchele, ngoja kwanza. Bweni lako lilikuwa lile la karibu na tangi la maji? Godoro lenye kiraka cha kitambaa cha kijani?

Dagaa Mchele:
Wewe nani?

Abiria wa Kange:
Godoro lako nililikunja mimi baada ya wewe kutoroka, watu wasije kuliiba. Kisha nikalilalia mimi mwenyewe mpaka Mei.

Dagaa Mchele:
Lilikuwa na kunguni.

Abiria wa Kange:
Nililijua hilo usiku wa kwanza.