Fomu ya Zuhura

*Alhamisi*

Shangazi Mwajuma, 18:04: Ndugu zangu, fomu ya chuo ya Zuhura inafungwa kesho saa kumi jioni. Uuguzi au radiolojia, ile ya kupiga picha za ndani ya mwili? Nataka jibu la kila mtu leo hii. Maneno, si vidole gumba.

Mjomba Hamisi, 18:05: 👍

Shangazi Mwajuma: Hamisi!

Mjomba Hamisi: Kimeteleza.

Shangazi Mwajuma, 18:31: Watu 17 mmesoma, kimya. Ingekuwa vichekesho mngeshajaa humu. Haya, mimi nasema uuguzi. Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 lilihesabu wauguzi karibu milioni 28 dunia nzima, na bado likasema hawatoshi. Hakosi kazi huyo.

Baba Mdogo Yusufu, 18:40: Radiolojia. Anabonyeza kitufe, anarudi nyumbani viatu safi.

Idi, 18:52: Shikamoo Baba Mdogo. Kitufe ni cha mwisho. Kwanza umlaze mzee aliyevunjika nyonga, umweke pembe sawasawa bila kumtonesha, umwambie "vuta pumzi, zuia" na masikio yenyewe mazito. Ukikosea unarudia, na kurudia ni kumwongezea mionzi.

Mama Zuhura: Hiyo mionzi ndiyo inayoninyima usingizi. Mwanangu hajazaa bado.

Idi: Mama, tunavaa beji kifuani ya kupima mionzi, inasomwa kila baada ya muda. Unasimama nyuma ya ukuta wenye madini ya risasi, yanazuia mionzi. Halafu umbali: ukisogea mara mbili zaidi, kipimo kinashuka hadi robo. Na si mashine zote za picha: MRI yenyewe ni sumaku, altrasaundi ni mawimbi ya sauti, hazina mionzi hiyo.

Mjomba Hamisi: Ukuta wenye risasi? Hospitali hiyo au kambi ya jeshi?

Kibwana: 😂😂😂

Mjomba Hamisi: Naambiwa "usitikisike", nyuma yangu kuna risasi. Napona hapo hapo natoka mbio.

Shangazi Mwajuma: Chekeni tu, fomu inafungwa.

Baba Mdogo Yusufu: Mwajuma, haraka zako tunazijua. Ndivyo ulivyomjazia Salma.

Shangazi Mwajuma: Yusufu, usianze.

Baba Mdogo Yusufu: Sijaanza mimi.

Salma, 19:26: Nimo humu, nasoma.

Mjomba Hamisi, 19:40: Chaja yangu nani kaondoka nayo?

Mariamu, 21:47: Shikamooni wakubwa. Ndio kwanza naketi, niko zamu ya usiku, saa moja hadi saa moja. Shangazi, kazi ipo kweli, ila usimwambie Zuhura hilo peke yake. Nina wagonjwa 14. Kila dawa najiuliza: mgonjwa ndiye? dawa ndiyo? kipimo ndicho? njia ndiyo? saa ndiyo? Saa tisa usiku macho yanataka kukujibia "ndiyo" kabla hujasoma. Na mgongo wangu umeshanipita umri. Lakini mama wa kitanda cha 6, siku ya tatu leo hasemi na mtu, jioni hii namgeuza kaniuliza, "We unaitwa nani?"

Idi: Hapo umenizidi. Wangu namwona dakika kumi, picha inaondoka, naye anaondoka. Kama alipona sijui.

Mariamu: Ila unalala usiku.

Idi: Nani kakwambia? Ajali zinaletwa usiku, nazo zinataka picha.

Shangazi Mwajuma, 21:58: Kwa hiyo uuguzi. Idi amekubali.

Idi: Shangazi, sijakubali chochote! Akakae siku moja huku, siku moja kule, aone mwenyewe.

Shangazi Mwajuma: Kesho saa kumi, Idi. Hizo siku mbili anazitoa wapi?

Bibi, 22:15: 🎤 0:21

Kibwana, 22:19: Kwa wasioweza kusikiliza, Bibi anasema: "Nimesomewa yote. Zuhura sijamsikia. Na Salma siku ile hatukumsikia, hata mimi nilinyamaza."

Salma, 22:52: Shikamoo Mama.

Zuhura, 23:06: Shikamooni nyote. Fizikia naipenda, na mashine za kaka Idi ndizo zilizonivuta tangu mwanzo. Ila ya kitanda cha 6 nimeisoma mara nne. Fomu ina chaguo la kwanza na la pili. Niacheni hadi asubuhi.

Shangazi Mwajuma, 23:07: *Ujumbe huu umefutwa*

Shangazi Mwajuma, 23:09: Haya mwanangu. Saa mbili asubuhi nakupigia. Idi na wewe uwe hewani.

*Ijumaa*

Mjomba Hamisi, 06:58: Nimepata chaja. Tuliamua risasi au sindano?