Paka wazee wawili, Bukavu: kroketi, sambaza au kuku wa kuchemsha?

Muhumba_Chini
Hodi, wakubwa. Jumamosi hii paka wawili wanahamia kwangu, wenyewe wanarudi Ulaya na hawawezi kuwabeba. Dume ana miaka 11, kilo 4.2. Jike ana miaka 13, kilo 3.1, mgongo unaanza kuonekana. Wamezoea kroketi tupu (chakula kikavu cha dukani), na zimebaki kilo 2. Zikiisha, niendelee na kroketi kwa bei hii yetu, nihamie sambaza (samaki wadogo wa Ziwa Kivu), au kuku? Nina mizani ya gramu na babula (jiko la makaa). Frigo ipo, ila umeme mnaujua wenyewe.

Gramu_kwa_Gramu
Karibu, ndugu. Anza na hesabu, maana bila hesabu huwezi kulinganisha bei. Dume mweke kwenye kilokalori 50 kwa kila kilo ya mwili, yaani 210 kwa siku. Jike aliyekonda mpe 60 kwa kilo, karibu 186. Kroketi nyingi zina kilokalori 350 hadi 400 kwa gramu 100 (soma mfuko wako). Tukishika 370, dume anakula gramu 57 na jike 50. Kilo 2 zako zitafika siku 18.

Usipime kwa kikombe. Ukikosea gramu 10 kwa jike, hizo ni kilokalori 37, karibu moja ya tano ya chakula chake cha siku. Akizikosa kila siku, mwezi hauishi kabla hujaona mbavu.

Wiki ya kwanza usibadili kitu. Nyumba mpya peke yake inatosha kumzuia paka kula. Baadaye changanya kwa siku 10: robo ya chakula kipya, nusu, robo tatu, kila hatua siku tatu, kisha chote.

Mama_Nyawera
Mimi nipo upande wa sambaza, lakini si zile za kukaanga. Sambaza ya mawese, chumvi na kitunguu ni ya watu na bugali yao. Kitunguu na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka, hata vikiwa vimepikwa.

Chukua mbichi ya asubuhi, jicho liwe angavu na tumbo lisiwe limepasuka. Osha, chemsha dakika 10 tangu maji yanapotokota. Ndogo za urefu wa kidole ziache nzima, mfupa unalainika na unaleta kalsiamu. Kubwa toa kichwa na uti wa mgongo. Usiwape mbichi: samaki wengi wa jamii ya dagaa wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1, na moto ndio unaokiua. Paka aliyeishiwa B1 huinamisha kichwa hadi kifuani, anayumba, kisha degedege.

Ndagala kavu ya Uvira (dagaa wa Ziwa Tanganyika) ni habari nyingine. Maji yamekwisha, kwa hiyo gramu 100 kavu ni kama gramu 300 au 400 za mbichi, na fosforasi yake, mzigo kwa figo za uzeeni, inakuja yote kwa pamoja. Tena huja na mchanga wa kwenye anikio na, mara nyingine, chumvi. Kwa paka wa miaka 13 mimi ningeiacha sokoni.

Firigisi
Mama, nakubali mapishi, ila siyo kama chakula kikuu. Kwanza samaki wa mafuta kila siku humaliza vitamini E, mafuta ya chini ya ngozi yanavimba, paka hataki hata kuguswa. Pili, sambaza inafuata mwezi. Wavuvi wanaivuta kwa taa usiku, na mwezi ukiwa kamili taa hazivuti vizuri, kwa hiyo sokoni inapungua na bei inapanda. Paka mzee aliyezoea chakula kimoja hawezi kungoja mwezi uzame.

Kuku anapatikana siku zote. Kwa hao wawili, kwa siku nzima: mapaja bila ngozi wala mfupa gramu 250, moyo wa kuku 40, ini 10. Ini lisizidi hapo, vitamini A ikirundikana hukaza shingo. Maji yafunike nyama tu, moto mdogo, dakika 15. Saga, kisha rudisha supu yote kwenye nyama. Taurini (kirutubisho cha kwenye nyama) huyeyuka majini, ukimwaga supu umeimwaga nayo, na paka hawezi kujitengenezea ya kutosha. Ikikosekana kwa miezi, macho yanaharibika na moyo unatanuka.

Nyama tupu ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno. Oka ganda la yai, lisage hadi liwe kama unga wa muhogo, tia gramu 1.7, yaani robo ya kijiko cha chai na kidogo juu yake. Likibaki chengachenga, paka atalibagua.

Gramu_kwa_Gramu
Ni mapishi mazuri, lakini bado hayana iodini, vitamini D, E wala zinki ya kutosha. Kwa wiki mbili hakuna shida. Kwa mwaka, shida ipo. Kwangu kroketi isishuke chini ya robo tatu ya kilokalori za siku.

Firigisi
Robo tatu ni ya mwenye mfuko mnene. Nusu kwa nusu inabeba, mradi kroketi iwe kamili ya paka wakubwa. Ile ya mbwa hapana, haikutengenezwa kwa taurini ya paka.

Babula_na_Maji
Mnabishana juu ya bei, hakuna aliyeuliza figo. Paka wa miaka 13 anayekonda, pima urea na kreatinini (vipimo vya damu vya figo) kwanza, na mkojo. Kama figo zimechoka, hesabu inageuka: anahitaji fosforasi ndogo, kwa hiyo hapo nyama unachemsha na supu unaimwaga, kinyume cha alivyosema Firigisi, na taurini unamwongezea kwa ushauri wa veterineri (daktari wa wanyama). Ganda la yai nalo usikisie.

Maji ndiyo tofauti kubwa kati ya hivyo vitatu. Kroketi ina maji kama asilimia 10, kuku wa kuchemsha zaidi ya 60, sambaza zaidi ya 70. Paka wa kilo 4 anahitaji karibu mililita 200 kwa siku, chakula na kinywaji pamoja, na wengi hawanywi vya kutosha. Kama mnabaki na kroketi, loweka kwa maji ya uvuguvugu dakika 15. Chakula kikae karibu na joto la mwili, nyuzi 37 au 38, maana pua ya uzeeni imepungua na chakula baridi hakinuki. Usiku wetu wa Bukavu hupoza sahani haraka.

Akinywa maji kupita kawaida, au akila sana na bado anakonda, huo si uzee. Figo, sukari na tezi ya shingo vinaanza hivyo.

Muhumba_Chini
Asanteni. Wenye paka wanasema jike huchukua kroketi, huitafuna upande mmoja, kisha huiangusha sakafuni. Ni kuchagua?

Babula_na_Maji
Ni meno. Inua mdomo wa juu, tazama nyuma: ufizi mwekundu, ugaga wa kahawia, au jino lililolika shingoni pake. Mlainishie chakula mpaka veterineri aone. Usimpe paracetamol hata robo, inaua paka.

Mama_Nyawera
Walishe vyumba tofauti, mara tatu au nne kwa siku, sahani ya jike juu ya tofali asiiname sana. Baada ya nusu saa toa na pima kilichobaki. Dume akipata nafasi atamaliza vyote viwili, na utadhani jike amekula.

Sambaza ya kuchemsha gramu 30 kwa kila mmoja, mara mbili kwa wiki, juu ya kroketi iliyolowekwa. Harufu yake tu inamwita jike mezani.

Gramu_kwa_Gramu
Pima uzito kila Jumapili: panda mizani naye, kisha peke yako, toa. Jike akishuka chini ya kilo 2.8, au mmoja asiguse chakula siku mbili, usingoje ya tatu, nenda kwa veterineri. Ini la paka asiyekula hujaa mafuta upesi, hasa akiwa mnene.

Muhumba_Chini
Nusu kwa nusu basi, baada ya vipimo. Ganda la yai naoka leo.